Nguvu ya maombi katika maisha ya Mkristo: mambo ya kujua kwa mkaaji wa Bukavu

Hapa Bukavu, mtu akitaka kujua kanisa lako, haulizi dini. Anakuuliza tu: "Unasaliaka wapi?" Swali hilo dogo linaonyesha namna tunavyoelewa mambo. Kwetu sisi, Mkristo ni mtu anayesali. Ukipita Kadutu alfajiri, kabla wamama wa soko hawajapanga bidhaa zao, utasikia nyimbo za misa ya kwanza upande mmoja na sauti za waombezi upande mwingine. Ijumaa usiku ni makesha. Mtu akiondoka safari ya Uvira ao ya Goma, anaombewa. Mwanafunzi akienda kufanya mtihani wa dola, kalamu yake inaombewa.

Wakati wa shida, neno la kwanza ni lile lile: "Tuombe tu, Mungu iko." Neno hilo limewashika watu wengi katika vita, katika njaa, katika vifo vya mfululizo. Lakini neno hilo hilo, likitumiwa vibaya, limemfanya mtoto mwenye homa kali akae siku tatu katika chumba cha maombi wakati lopitali iko karibu. Kwa hiyo tunaandika ukurasa huu kueleza maombi ni nini, yametoka wapi hapa kwetu, yana nguvu gani, na mahali gani watu wanapotea.

Maombi ni nini?

Kwa Mkristo, kuomba ni kusema na Mungu na kumsikiliza. Nguvu inayotajwa ni ya Mungu, haiko ndani ya maneno yenyewe, wala ndani ya sauti ya yule anayeomba. Hapo ndipo maombi yanapoachana na uganga wa kienyeji. Mwenye hirizi anaamini kwamba akisema neno fulani kwa namna fulani, jambo litatokea kwa lazima. Mkristo anaomba akijua kwamba anayeombwa ana uhuru wa kujibu anavyotaka. Katika Injili ya Mathayo, sura ya 6, Yesu anawaonya wanafunzi wasidhani kwamba watasikiwa kwa sababu ya wingi wa maneno. Papo hapo anawafundisha sala fupi ambayo Wakatoliki, Waprotestanti na Wakimbangu wote wanaijua: Baba Yetu.

Mutazame mpangilio wa sala hiyo. Inaanza na Mungu mwenyewe, jina lake na mapenzi yake. Kisha inakuja mkate wa siku. Kisha msamaha, wa kupokea na wa kutoa. Mwisho ni kulindwa na uovu. Mkate umetajwa, kwa hiyo si vibaya kuomba chakula, kazi ao franga za masomo ya watoto. Lakini mkate si sala yote.

Walimu wa makanisa huwa wanagawa maombi katika aina hizi:

Kusifu: kumtukuza Mungu kwa sababu ya vile alivyo.

Kushukuru: kumkumbuka kwa yale aliyotenda.

Kutubu: kukiri kosa na kugeuka.

Kuomba: kumwambia mahitaji yetu.

Kuombea: kubeba mahitaji ya wengine, hata ya adui.

Kulalamika: kumlilia Mungu na kumuuliza kwa nini.

Aina hii ya mwisho inasahauliwa sana. Watu wengi wanafikiri kwamba kumuuliza Mungu "mpaka lini?" ni kukosa imani. Lakini kitabu cha Zaburi, chenye zaburi 150, kimejaa vilio vya namna hiyo. Zaburi ya 13 inaanza nacho. Mama aliyepoteza watoto, akilia mbele ya Mungu bila kupamba maneno, bado anaomba.

Namna maombi yalivyokua hapa kwetu

Ukristo wa Kivu Kusini una mito mingi. Upande wa Wakatoliki, Bukavu ilifanywa jimbo kuu mwaka wa 1959. Leo maisha ya sala ya Mkatoliki hayako tu kwenye Kanisa Kuu la Mama Yetu wa Amani. Yako katika shirika, ile jumuiya ndogo ya majirani wanaokutana nyumbani, wanasoma Neno, wanasali rozari mwezi wa tano na mwezi wa kumi, na kisha wanaulizana nani ni mgonjwa, nani amefiwa. Mtu akikosa kuonekana, shirika linakwenda kupiga hodi. Kuna pia vikundi vya karismatiki, vyenye kuombea wagonjwa kwa sauti na kwa kuwekea mikono.

Upande wa Waprotestanti, wamisionari wa Kipentekoste kutoka Uswidi walifika Uvira mwaka wa 1921. Katika kazi yao ndipo ilipozaliwa jumuiya ya CEPAC, yenye makanisa, mashule na malopitali mengi hapa mashariki. Jumuiya za Kiprotestanti zimeunganishwa katika Kanisa la Kristo katika Kongo, yaani ECC.

Zamani serkali ilifunga mlango. Sheria ya tarehe 31 Desemba 1971 iliruhusu makanisa machache tu: Wakatoliki, Waprotestanti walio ndani ya umoja wao, na Wakimbangu. Vikundi vingine vilisali kwa kujificha ao kwa kuegemea jumuiya yenye kibali. Mlango ulipolegea miaka ya 1990, makanisa ya uamsho na vyumba vya maombi viliongezeka kila kona. Leo mashirika ya kidini yanafuata sheria nambari 004/2001 ya tarehe 20 Julai 2001, inayohusu mashirika yasiyotafuta faida.

Wakati huo wa kuongezeka ndio ulikuwa wakati wa vita. Mashule yalifungwa, mishahara ilipotea, barabara zilikatika. Mtu aliyekosa daktari, hakimu na benki, alibaki na mahali pamoja pa kupeleka shida zote. Ndiyo sababu mtu asiwacheke wale wanaojaa kwenye makesha. Wanatafuta mtu wa kuwasikiliza.

Mtoto wa mchungaji na swali lake

Mfano unaojulikana zaidi juu ya maombi na dawa umetoka hapa hapa Bukavu. Denis Mukwege alizaliwa katika mji huu mwaka wa 1955. Siku zake za kwanza alipata maambukizo ya kitovu na akakaribia kufa. Mama mmisionari wa Kiswidi, Majken Bergman, alihangaika mpaka mtoto akapokelewa kwa watawa wa Kikatoliki na kutunzwa, wakati ambapo Wakatoliki na Waprotestanti hawakuwa wakipendana sana.

Baba yake alikuwa mchungaji wa Kipentekoste. Mukwege mwenyewe amesimulia mara nyingi kwamba akiwa na miaka nane hivi alimfuata baba yake kwenda kuombea mtoto mgonjwa. Baba akaomba, wakatoka. Njiani mtoto akauliza: mimi nikiwa mgonjwa unaniombea, lakini unanipa pia dawa, mbona huyu hukumpa dawa? Baba akamjibu kwamba yeye si munganga, kazi aliyofundishwa ni kuomba. Siku hiyo mtoto aliamua: baba ataomba, na mimi nitatoa dawa.

Alisoma utabibu Burundi, akafanya kazi kwenye lopitali ya Lemera, akaenda kusomea magonjwa ya wanawake huko Angers, Ufaransa, na akarudi Lemera. Tarehe 6 Oktoba 1996 lopitali hiyo ilishambuliwa, wagonjwa na wafanyakazi wakauawa. Mwaka wa 1999 alianzisha lopitali ya Panzi, chini ya CEPAC. Wazo la kwanza lilikuwa kusaidia wamama wanaozaa, lakini vita vikaleta wanawake waliobakwa na kuharibiwa mwili. Maelfu na maelfu wametunzwa pale. Mwaka wa 2018 alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani pamoja na Nadia Murad.

Jambo la kukumbuka ni kwamba mtoto huyu hakuacha maombi ili ashike dawa. Mukwege ni munganga na ni mchungaji vilevile. Pale Panzi siku ya kazi inaanza kwa ibada ya asubuhi, kisha watu wanavaa glovu na kuingia chumba cha upasuaji. Na alipoponea shambulio nyumbani kwake tarehe 25 Oktoba 2012, ambapo mlinzi wake aliuawa, alikimbilia Ulaya. Wanawake wa Kivu Kusini walimwombea, na wakauza pia nanasi na vitunguu ili kumlipia tiketi ya kurudi. Alirudi Januari 2013. Maombi yao yalikuwa na mikono.

Magonjwa yasiyosubiri

Biblia yenyewe haiweki dawa na maombi katika vita. Yakobo, sura ya 5, anasema wazee wamwombee mgonjwa na kumpaka mafuta, na mafuta wakati ule yalitumika pia kama dawa. Kitabu cha Yoshua bin Sira, kilichomo katika Biblia ya Wakatoliki, sura ya 38, kinamshauri mgonjwa aombe, halafu ampe munganga nafasi yake, kwa sababu naye ameumbwa na Mungu.

Lakini huku mitaani mara nyingi tunasikia: "Hii haiko ugonjwa ya ku lopitali." Hapo ndipo hatari inapoanza. Kuna magonjwa ambayo hayangoji mwisho wa kufunga siku tatu:

Malaria kali. Mtoto mwenye homa anapaswa kupimwa ndani ya saa 24. Akianza kushtuka mwili, kulegea, ao kushindwa kunyonya, ni wa kukimbizwa hapo hapo. Kushtuka huko wengi wanakuita pepo.

Kipindupindu. Maji yakitoka mwilini bila kurudishwa, mtu mzima anaweza kufa ndani ya saa chache.

Kifafa. Ni ugonjwa wa ubongo na una dawa. Kuacha vidonge ghafla kunaweza kuleta kifafa kisichokatika.

Virusi vya UKIMWI. Dawa za kila siku zinashusha virusi mpaka visionekane kwenye kipimo. Hapo mtu anaweza kusema "nimepona" na kuacha. Virusi havijaisha, vimelala. Dawa zikikatwa, vinaamka.

Kifua kikuu. Matibabu ya kawaida ni miezi sita. Ukikata katikati, ugonjwa unarudi ukiwa mgumu zaidi, na unaambukiza nyumba nzima.

Fistula. Mwanamke anayevuja mkojo baada ya kuzaa kwa taabu hana laana. Ana tundu mwilini, na upasuaji unaweza kuliziba.

Mchungaji ao mwombezi anayemwambia mgonjwa atupe vidonge ili kuonyesha imani, anabeba mzigo wa damu. Anayemwombea mgonjwa, akamsindikiza lopitali, na akachanga na wengine kulipa bili, huyo ndiye anayefanya kazi ya kanisa. Mtu akisema ameponywa, hakuna ubaya: arudi kwa munganga apimwe. Hata wale wakoma ambao Yesu aliwaponya aliwatuma wakajionyeshe kwa makuhani, ndio waliokuwa na kazi ya kuhakikisha.

Kuhusu kufunga pia: kufunga kavu, bila chakula wala maji, hakufai kwa mwanamke mwenye mimba ao anayenyonyesha, kwa mwenye ugonjwa wa sukari, wala kwa anayekunywa dawa za kila siku. Mtu anaweza kufunga jambo lingine: pombe, matusi, simu.

Maombi na haki

Wengine wanasema mtu wa maombi asiingilie mambo ya dunia. Historia ya mji huu inasema vingine.

Askofu Mkuu Christophe Munzihirwa, Myezuiti, alichukua jimbo la Bukavu mwaka wa 1994, wakati maelfu ya wakimbizi kutoka Rwanda walipojaa hapa. Alisali, na alipaza sauti kwa ajili ya wakimbizi na wakaaji pia. Vita vilipokaribia, wakubwa wengi walikimbia. Yeye alibaki. Tarehe 29 Oktoba 1996 aliuawa Nyawera, ndani ya mji. Mpaka leo watu wanasimama pale kumkumbuka.

Aliyemfuata, Askofu Mkuu Emmanuel Kataliko, aliandika ujumbe wa Noeli 1999 ambao ulisema waziwazi juu ya unyang'anyi na mateso ya watu chini ya utawala wa RCD. Februari 2000 alizuiwa kurudi kwenye jimbo lake, akapelekwa Butembo. Alirudi Septemba mwaka huo, na tarehe 4 Oktoba akafariki akiwa Italia.

Kinshasa nako, tarehe 16 Februari 1992, Wakristo walitoka barabarani wakiwa na Biblia, rozari na mishumaa, kudai Mkutano Mkuu wa Taifa ufunguliwe tena. Askari waliwapiga risasi, wengi wakafa. Mwezi wa nne mkutano ulifunguliwa.

Nehemia, alipokuwa akijenga ukuta wa Yerusalemu, alimwomba Mungu na akaweka walinzi usiku na mchana. Hakuona ugomvi kati ya mambo hayo mawili. Sisi tunaomba mvua isibomoe nyumba: ni vizuri. Lakini tukichimba mlima na kutupa taka ndani ya mifereji, tunaomba kwa mdomo na kukataa kwa mikono.

Na yale maombi ambayo hayakujibiwa?

Hili ndilo swali gumu zaidi, na ni vema kutolikimbia. Wagonjwa wa Lemera waliomba. Munzihirwa aliomba. Mwanzoni mwa mwaka wa 2025 makanisa yote ya Bukavu yaliomba vita visifike, na Jumapili tarehe 16 Februari mji ukawa mikononi mwa M23. Watu wanajiuliza: tulikosa imani? Hatukufunga vya kutosha?

Injili haituruhusu kumjibu mtu hivyo. Yesu mwenyewe, usiku wa Getsemane, aliomba kikombe kimwondokee, na hakikuondoka. Paulo anaandika katika barua ya pili kwa Wakorintho, sura ya 12, kwamba aliomba mara tatu aondolewe mwiba wa mwilini, na haukuondolewa. Hakuna anayeweza kusema Yesu na Paulo walikosa imani. Kwa hiyo mtu anayemwambia mjane "mume wako alikufa kwa sababu hukuomba vizuri" anaongeza jeraha juu ya jeraha.

Basi nguvu iko wapi? Wakristo wengi hapa watakujibu kwamba maombi hayaondoi kila mlima, lakini yanamzuia mtu asigeuke kuwa jiwe. Tarehe 1 Februari 2023, Kinshasa, watu walioteswa kutoka mashariki walisimama mbele ya Papa Fransisko. Waliweka chini ya msalaba vitu vinavyofanana na vile walivyoumizwa navyo, kama panga na visu, na wakasema wanasamehe. Hawakusema kwamba hayakutokea, wala kwamba haki isitafutwe. Walikataa tu kwamba chuki iwe na neno la mwisho. Kuna watu wanaoona hilo ni muujiza mkubwa kuliko kutembea juu ya maji.

Namna ya kutambua maombi yenye afya

Mtu akikualika kwenye chumba cha maombi, ujiulize haya:

Je, wanamruhusu mgonjwa aende lopitali na aendelee na dawa?

Je, maombi ni ya bure? Katika Marko, sura ya 12, Yesu anawakemea wanaosali sala ndefu huku wakila nyumba za wajane. Sadaka inatoka kwa moyo; ikiwa na bei, ni biashara.

Je, wanakuonyesha kidole jirani, nyanya yako ao mtoto wako kuwa ndiye mchawi? Watoto wengi wamefukuzwa nyumbani kwa unabii wa namna hiyo. Maombi yanayovunja nyumba, uyakimbie.

Je, watoto na wasichana wako salama? Hakuna maombezi yanayohitaji msichana abaki peke yake na mwombezi, mlango ukiwa umefungwa.

Je, kesha linaheshimu usalama wenu? Muingie kabla ya giza na mutoke kukikucha, kwa sababu usiku barabara zetu si nzuri.

Je, ukitoka pale unakuwa mpole zaidi nyumbani, ama mkali zaidi?

Kwa anayetaka kuanza, hakuna haja ya mambo makubwa. Danieli alisali mara tatu kwa siku, kila siku, saa zake zikijulikana. Dakika kumi asubuhi kabla ya kazi, jina la mtu mmoja wa kuombea, na tendo moja la kumfanyia siku hiyo hiyo. Ukimwombea mgonjwa, umpelekee uji. Ukimwombea aliyefungwa, uulize familia yake imekula nini. Na mtoto akipata homa usiku huu, umbebe mgongoni, uombe ukiwa njiani kwenda lopitali. Mungu anasikia hata ukiwa unatembea.